Kicheko Baada ya Wimbo wa Sita

Ndagoni, Mafia
4 Juni 2025

Kwa Bwana Luqmani, mpiga gitaa na msafishaji wa sauti,

Assalamu alaikum.

Kwa niaba ya wakazi wote wa Ndagoni, wakiwamo ambao hawakuulizwa na wasingependa kuulizwa, natangaza rasmi kwamba leo Jumatano, saa nne asubuhi, mbele ya kuku wawili na mteja mmoja wa simu, kifurushi chako kilifunguliwa kwa wembe. Hotuba hazikuwapo. Kuku mmoja aliondoka kabla ya mwisho.

Ndani nimekuta santuri mbili, kitabu cha picha, na flashi. Santuri nimezitundika ukutani kwenye banda langu la ufundi, kwa kuwa katika kisiwa hiki chote sijui mtu mwenye mashine ya kuzizungusha. Flashi nimeichomeka kwenye redio niliyoiunda mwenyewe. Na juu ya kasha imeandikwa kwa herufi ambazo hata mama yangu angezisoma bila miwani: *Kisiwa Kilichong'oa Nanga*, kundi la Bamvua, sauti zimesafishwa upya.

Hadithi ni ileile, alhamdulillahi, hukuisafisha hiyo. Kisiwa kimechoka kutembelewa, kinang'oa nanga, kinakwenda kutafuta bahari nyingine. Nyimbo tisa, dakika hamsini na tatu, hakuna kupumzika. Unakumbuka mwaka ule wa 2014 watu walituuliza muziki huu unachezwaje? Tukawaambia hii ni roki ya kusikilizwa, haichezwi. Wakatuazima masikio siku mbili, ya tatu wakaja kuyachukua. Leo unaniambia Wajerumani wawili wameipenda mpaka wakalipia isafishwe. Mungu ana waja wa kila namna.

Utauliza kwa nini sikukupigia simu. Mimi ni fundi simu. Aliyeona tumbo la simu likiwa wazi hawezi tena kuiambia siri zake. Barua hii Mansuri wa bodaboda ataifikisha Kilindoni, itavuka kwenda Nyamisati mfukoni mwa mtu, na huko mbele Mungu anajua.

Sasa nikuambie jambo nisiloweza kumwambia mtu hapa bila kuchekwa. Wimbo wa sita. Kinanda changu! Nimekisikiliza nikamwonea wivu yule kijana niliyekuwa. Sikumbuki kama niliacha nafasi kubwa vile kati ya sauti na sauti. Katika ile ya zamani nakumbuka nilikuwa najaza kila tundu kama mtu anayepaka chokaa. Kumbe nilikuwa fundi na sikuambiwa.

Jumamosi ni Idd. Sheikha na binti yetu Amina wanakusalimu.

Wasalaam,
Mudrik

Nyongeza: Mwisho wa wimbo huohuo wa sita, ule mdundo wa kuponda makumbi ya nazi unapoanza kufifia, mwanamume anasema, "Sogea basi, usione haya." Halafu mwanamke anacheka. Zamani hapo palikuwa na mvumo wa gitaa lako tu. Ni nani hao?


Tanga
15 Juni 2025

Ndugu yangu wa damu ya bandia, Mudrik,

Waalaikumu salaam warahmatullah. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, na nilipofika pale pa kinanda nikaiweka chini nikatoka nje kidogo kuvuta hewa.

Nashukuru umeipenda kazi. Miezi minane nimekaa na rekodi zile, nikiondoa vumbi, nikipandisha kilichozama. Wimbo wa saba umeusikiliza? Gitaa la mle nimeliacha lipumue. Wajerumani wamelisifu. Yaani mmoja amelisifu, mwingine alikuwa anatikisa kichwa.

Kuhusu wimbo wa sita, ndugu yangu, nakuomba usiukalie sana. Wimbo wa sita ulinipa taabu. Mambo ya studio yaishie studio. Ukianza kuuliza hiki kimetoka wapi na kile kimekwenda wapi utaharibu ladha. Mla samaki haulizi utumbo.

Vipi biashara ya simu? Wanawake wa mwani bado wanaziangusha baharini?

Nisalimie shemeji. Idd njema iliyopita.

Luqmani


Ndagoni
24 Juni 2025

Bwana Luqmani,

Barua yako imefika ikinuka samaki wa mtu. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitafuta jibu. Mara ya pili nilitafuta mahali ulipolificha.

Nakukumbusha. Februari ya 2013 ulikuja Mafia na mashine yako ya kurekodi kwa sababu nilikusimulia habari za Kiegeani: wanawake wanafukua makumbi ya nazi waliyoyafukia topeni miezi mingi nyuma, wanakaa kwenye gogo, wanayaponda kwa magongo mpaka zibaki nyuzi za kusokotea kamba. Watatu kwa zamu, kila mmoja mapigo mawili, kisha pigo moja la kimya la kugeuza kumbi. Sita na kimya. Saba. Wewe ukaruka kwa furaha, ukasema wapiga roki wakubwa duniani wanaitafuta saba kwa jasho, na Bi Mwanaharusi anayo na hajui kama ni hesabu.

Mimi sikuja pwani siku ile. Nilikuwa nimeposa. Bi Mwanaharusi alikuwa mama mkwe mtarajiwa, na binti yake Sheikha alikuwa mchumba wangu. Mtu na adabu zake hawezi kwenda kuwasimamia wakiwa na matope mpaka magotini. Nilikuandikia kwenye karatasi majina matatu ya wapondaji, Mwanaharusi, dada yake Safia, na Sheikha. Ndiyo majina uliyoyachapa kwenye kitabu chako. Wewe mgeni ukaenda, mimi mwenyeji nikabaki. Na mwanamume hakai pale wanapoponda. Hilo Kiegeani nzima inalijua, hata mbuzi dume hupita mbali.

Basi huyo anayesema "sogea, usione haya" alitoka wapi?

Kicheko sina haja ya kuambiwa. Kinaanza kwa kuvuta pumzi, kama mtu aliyegusa uji wa moto kwa ncha ya ulimi. Halafu kimya. Halafu kinamwagika chote, na mwishoni kuna kamlio kadogo kama bawaba ya dirisha. Ni cha mke wangu. Niseme kweli: mke wangu hucheka nusu ya hicho. Ile pumzi naijua, na bawaba naijua. Lile fungu la katikati linalomwagika, miaka kumi na miwili kasoro ya ndoa, sijawahi kupewa.

Juzi nilimwuliza, kwa mbali, kama mtu anayeuliza bei bila nia ya kununua.

"Mama Amina, yule Luqmani alipokuja kwenu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mrefu."

"Mrefu tu?"

"Na miguu michafu. Kwani anakuja?"

"Haji. Ulitaka aje?"

Akaacha kuparua samaki, akanitazama kama anayetafuta ufa kwenye mtungi. Nikaliona: jina lile limemgusa.

Nijibu kama mtu mzima. Nani alisema maneno yale?

Mudrik


Tanga
5 Julai 2025

Mudrik,

Sasa umenivunjia heshima, nami nakujibu kwa sababu bado nakuheshimu wewe.

Siku ile niliweka mashine juu ya jiwe, nikaifunika kanga isipigwe na upepo, na mara nilipoiwasha Bi Mwanaharusi akaniambia, "Mwanangu, tope hili lina wenyewe. Acha kidude chako hapo uende ukale." Nikaenda. Nilikula wali wa nazi kwa baba mkwe wako, Mzee Hija, na akanisimulia ugomvi wa shamba la minazi mpaka adhuhuri. Mwulize. Niliporudi wanawake wamekwenda zao, mashine inazunguka yenyewe, inarekodi kaa.

Sasa ndani ya mashine kuna nini na nini kilikwenda wapi, mimi siwezi kukumbuka kila kitu cha miaka kumi na miwili. Kuna sauti mia na arobaini kwenye albamu ile. Nakuomba, na hili naliomba kwa uchungu, uache kuusikiliza wimbo wa sita. Ukiusikiliza sana utasikia mambo ambayo hayatatufaa wewe wala mimi. Sikiliza wa saba.

Umwambie shemeji nimesema salaam. Au usimwambie. Sijui tena kipi ni salama.

Luqmani


Ndagoni
14 Julai 2025

Luqmani,

"Utasikia mambo ambayo hayatatufaa wewe wala mimi." Nimeyasoma maneno hayo mpaka karatasi imelegea. Mtu asiye na kitu haombi kwa uchungu.

Mzee Hija nimemwuliza. Anakumbuka shamba la minazi. Wewe hakukumbuki.

Tangu barua yako ije nimekuwa nikivaa hedifoni dukani kutwa. Wavuvi wa kambi ya Shungimbili wameniletea simu nne zilizolowa, zimelala ndani ya mchele mpaka mchele umeota harufu ya betri. Nasikiliza mahali pale pamoja tu. Sekunde kumi na moja. Sogea basi, usione haya. Pumzi. Kimya. Mmwagiko. Bawaba. Nimeshajua hata anapomeza mate.

Nyumbani nimekula kidogo kidogo na nimesema kidogo zaidi. Jumamosi Sheikha aliweka sinia chini, akasimama.

"Baba Amina, nimekukosea?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi sioni. Ndiyo nauliza."

"Anayejua haulizi."

"Haya. Basi anayejua apike."

Akakunja mkeka wake, akamchukua Amina, akapanda pikipiki ya Mansuri, akaenda kwa mama yake Kiegeani. Mansuri amenitoza nauli ya kumpeleka. Nimelipa.

Sikumwambia habari ya kicheko. Nikimwambia atakataa, nami nitamwamini, na nikimwamini nitakuwa nimemwamini kwa sababu nataka kumwamini. Bora nisikie kwako wewe usiyependwa na mtu hapa.

Nimeandika karatasi ya talaka. Moja. Ni mistari minne, nayo inasomeka vizuri, maana nimeirudia mara tano. Imo ndani ya kitabu chako cha picha, kwenye ukurasa wenye jina lake. Ijumaa ya tarehe mosi Agosti, baada ya sala, naipeleka kwa shehe. Una mpaka siku hiyo kuniambia kweli.

Mudrik


Tanga
21 Julai 2025

Ndugu yangu Mudrik,

Bismillah. Naanza na lililo zito kwangu, ingawa najua kwako ni jepesi, au lilikuwa jepesi mpaka sasa.

Kinanda cha wimbo wa sita si chako.

Nimekiondoa. Mwaka jana mwezi wa kumi nilimwita mtu anaitwa Tofiki, hupiga taarabu kwenye harusi Pangani, nikamweka chumbani kwangu nikamwambia, "Piga hapa. Piga kidogo, usijitokeze." Nikafuta chako nikaweka chake. Jina lako nimeliacha kwenye kitabu.

Unataka sababu. Tangu 2014, kila anayenishika mkono kwa ajili ya albamu ile ananisifia kinanda. Mmoja wa hao Wajerumani alifunga safari mpaka Tanga. Akaketi kwenye kiti changu, akanywa soda yangu, akaniuliza, "Yule wa kinanda yuko wapi?" Nikamwambia amehama. Gitaa nimepiga kwenye nyimbo zote tisa, Mudrik. Wewe ulipiga nyimbo sita, ukarudi kwenu ukaoa, ukafungua banda la simu, ukawa na mke anayekupikia, na bado ukabaki kuwa wewe ndiye mpigaji. Mimi nimebaki na kundi la mtu mmoja. Nilipopewa nafasi ya kusafisha, nilikusafisha na wewe. Nilitaka wimbo mmoja tu uwe wa gitaa.

Tofiki akapiga kidogo, kama nilivyomwambia. Kumbe ule udogo ndio wimbo ulikuwa unautaka. Gitaa likafunikwa zaidi kuliko zamani. Kisha ukaniandikia kwamba hujawahi kujisikia ukipiga vizuri vile. Barua hiyo nililala nayo chini ya godoro, ikinichoma.

Kwa hiyo ulipouliza habari za wimbo wa sita, nilijua nikianza kueleza ulivyopangwa nitafika tu kwenye kinanda. Nikafunga mlango wote. Sikujua kwamba wewe umesimama kwenye mlango mwingine.

Sasa lako. Yule mwanamume ni mjomba wangu Matano, muuza kahawa hapa Ngamiani. Nilimrekodi barazani kwake Novemba 2013, wakati mkeo alikuwa tayari mkeo na yuko kwako Ndagoni. Alikuwa ananiambia mimi. Nilikaa mbali nimeshika mashine, akaniita kwenye benchi: "Sogea basi, usione haya." Nikaona yanafaa. Kisiwa kimefika kwenye pwani ya watu, kimesita, pwani inakikaribisha. Nikahitaji kitu cha kumjibu Matano. Nikarudi kwenye rekodi ya Kiegeani, nikakuta kicheko kimekaa peke yake katikati ya magongo, nikakikata nikakibandika hapo. Wakati ule nilivizamisha chini ya gitaa, visikike kama ndoto. Mwaka huu nikavipandisha kwa sababu nilitaka watu wawe na kitu cha kusikiliza pale kinanda kinapoisha.

Matano na kicheko kile hawajawahi kukanyaga mchanga mmoja. Wamekutana kwenye kompyuta yangu.

Hutaniamini, na una haki. Kwa hiyo ndani ya bahasha hii kuna flashi. Faili la kwanza ni Matano mwanzo mpaka mwisho, dakika ishirini, utasikia pikipiki za Tanga na vikombe. La pili ni rekodi nzima ya makumbi hadi wanawake walipoondoka, dakika arobaini, hakuna mwanamume hata mmoja. Kicheko kiko dakika ya thelathini na tatu. Wanawake wako mbali na mashine, maneno yao hayashikiki, kicheko tu ndicho kinachopanda juu.

Usimwache mke kwa sababu ya kahawa ya Matano. Mimi niache ukitaka.

Luqmani


Ndagoni
30 Julai 2025

Mama Amina,

Assalamu alaikum. Mansuri atakupa barua hii pamoja na hedifoni na redio yangu ndogo, flashi ya Luqmani imo ndani yake. Ukifungua bahasha utakuta pia barua zote za Luqmani na nakala za zangu. Nimezifunga kwa mpangilio wa tarehe. Zisome kwanza, kisha urudi hapa. Mimi nitakungoja hapa chini.

Sasa umeshajua nilichokuwa nacho tumboni tangu Juni. Ungesema uvimbe ningekubali.

Nimemsikiliza Matano peke yake. Ni mzee anayeuza kahawa na anayelalamika magoti. Nimesikiliza na makumbi. Nilitegemea nikishajua hakuna mwanamume nitapumua. Sikupumua. Zamani nilikuwa na mtu wa kumchukia, mrefu, mwenye miguu michafu. Sasa kicheko kimebaki peke yake na bado si changu. Kuna kitu kilikuchekesha siku ile, Sheikha, miezi sita kabla sijakuoa, na tangu nikuoe sijawahi kukipata. Nimejaribu. Nimesimulia vichekesho vya wateja. Nimeanguka kwenye ngazi mara moja, hilo nakiri sasa, kwa makusudi. Ukanipa pumzi na bawaba.

Juu ya hayo, kinanda nilichokisifia wiki saba ni cha mtu wa Pangani anayepiga harusini. Nimekuwa nikijionea wivu, na hata huyo hakuwa mimi.

Unaona basi nilivyo. Nimeshasema yote niliyo nayo.

Karatasi ile sijaichana. Sikufichi. Ijumaa ni keshokutwa, na mimi si mtu wa kusema jambo kisha nikalizunguka. Lakini sitakwenda nayo popote kabla hujaniambia kilichokuchekesha. Ukiniambia, hata kama ni kitu kitakachoniuma, nitaichana mbele ya Mansuri.

Msalimie mama. Mwambie shikamoo.

Mudrik


Kiegeani
31 Julai 2025

Baba Amina,

Waalaikumu salaam. Mama amesema marahaba, lakini ameisema akiwa chumbani na mlango umefungwa, na huko ndiko aliko tangu jana alasiri. Sababu utaijua.

Barua zako nimezisoma zote. Unaandika vizuri. Sikujua. Mimi hunipi hata orodha ya sokoni, na Luqmani unamwandikia ninavyomeza mate.

Redio tuliiwasha barazani, na hedifoni tuliichomoa, kwa sababu mama mkubwa Safia alisema hawezi kuvaa kitu kilichovaliwa na wavuvi wa Shungimbili. Tulikuwa mimi, Safia na mama, tunasuka makuti. Faili la pili. Magongo yakaanza, mama akafurahi, akasema yule anayechelewa kugeuza ni Safia. Safia akasema ni mama. Tukasikiliza nusu saa wakibishana na wao wenyewe wa zamani. Ikafika dakika yako ya thelathini na tatu.

Kicheko kikatoka. Mama akaacha kuti. Akasema, "Nani huyu mwanamke asiye na haya, anacheka mpaka ng'ambo?"

Safia akasema, "Mwanaharusi. Wewe huyo."

"Mimi?"

"Wewe. Nilikuwa namwigiza mkweo."

Hapo mama akakumbuka. Ulikuwa umekuja asubuhi ile kuamkia nyumbani, kabla Luqmani hajaweka mashine yake. Uliwaambia kuku shikamoo. Ndivyo Safia anavyosimulia: ulisimama mlangoni, macho chini kwa heshima ya mkwe, kuku wakapita, na wewe ukainamia palepale ukasema shikamoo mama, kuku yule akakutazama, ukarudia. Safia aliwaigizia pwani, na matope mikononi, wewe na kuku wote wawili. Mama akacheka kama ulivyosikia.

Wewe huwezi kukijua kicheko cha mama. Umeoa kwetu miaka kumi na miwili kasoro, na mama yangu hajawahi kukuonyesha hata jino. Ukiingia anavuta ushungi, ukiaga anatoa pumzi. Mkwe hachekewi. Nyuma yako ndiyo hivyo, Baba Amina, hucheka hivyohivyo kila ukiondoka, na mimi nimekisikia tangu mdogo nikapata ncha zake mbili, pumzi na bawaba. Katikati hakunipa. Nami nilikuwa namwonea wivu nikiwa msichana, kwa hiyo hilo sikulaumu.

Alipoelewa kwamba mkwewe amekisikiliza kicheko chake kutwa, wiki saba, kwenye masikio yote mawili, na kwamba ameandika barua kuhusu mahali kinapomwagika, na barua zimekwenda Tanga, mama aliinuka akaingia ndani. Chakula tunampitishia. Anauliza tu kama Wajerumani nao wamesikia. Safia amemwambia ndiyo.

Kwa hiyo kilichomchekesha ni wewe. Sijui kama hilo linakuuma au linakuponya. Chagua mwenyewe.

Karatasi yako nimeielewa. Jumamosi nakuja kuchukua sufuria zangu. Nikikuta umeichana, sufuria zitabaki zilipo na mimi nitabaki nazo. Nikikuta haijachanwa, Mansuri yuko tayari na kamba ya kuzifungia. Nauli utalipa wewe tena, pande zote mbili.

Mama hutamwona mpaka apone aibu. Safia anakisia mfungo mosi wa mwakani, baada ya Ramadhani.

Na lile neno moja ulilotakiwa kuniuliza tangu Juni, ningekujibu nikiwa naparua samaki bila hata kuinua kichwa. Siku Luqmani alipoweka mashine yake, mimi pwani sikwenda. Gongo langu alishika jirani yetu Shufaa, na huyo Luqmani nilimwona jioni tu. Mimi nilikuwa Kilindoni, nang'olewa jino.

Sheikha